Kuhamia Dodoma na mtoto mwenye pumu

Dada pole, umesema mnahama Dar kwenda Dodoma mwezi wa nane na mtoto ana pumu. Mi kwa kweli ningesubiri Disemba mvua zianze. Kule msimu wa mvua ni mmoja tu, ikifika Mei ardhi inaanza kukauka, halafu Agosti mpaka Oktoba upepo unabeba vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya neti, na hakuna upepo wa bahari kama huku kwetu. Juni na Julai ni baridi, moshi wa mkaa unabaki chini mpaka jua lipande, asubuhi mapema asitoke. Kama lazima muende sasa tafuteni nyumba mbali na barabara ya vumbi, ndani pigeni deki msifagie, na daktari amcheki kabla ya safari, inhela ya akiba muwe nayo jamani.