Uliza Dada Sajini: Kifua kinabana, karatasi sina

*Dada Sajini, salamu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, uraia wa Marekani niliupatia jeshini. Kati ya 2007 na 2008 nilikuwa fundi wa malori Balad, Iraq. Upepo ulileta moshi wa shimo la kuchomea taka moja kwa moja hadi mahemani kwetu. Asubuhi ukipenga kamasi, leso nyeusi. Niligundulika na pumu 2013, miaka minne baada ya kuvua gwanda, na sasa navuta inhela asubuhi na usiku. Mwaka 2019 niliomba fidia ya ulemavu nikakataliwa, eti hakuna karatasi ya jeshini inayoonyesha niliugua kifua, wala daktari aliyeandika kwamba moshi ndio chanzo. Nasikia siku hizi kuna sheria nyingine. Rafiki ananishauri niwatafute wenzangu wa kikosi waandike kwamba tulilala karibu na shimo, lakini wawili wametangulia mbele ya haki na wengine sijui walipo. Tena kuna kampuni imenipigia, inataka nyongeza yangu ya miezi mitano nikishinda. Nianzie wapi?*
— Fundi wa Balad, Minnesota

Kaka Fundi, pole na kifua. Jambo la kwanza: acha kuutafuta moshi. Najua hilo linauma, maana moshi ndio kisa chenyewe, na mtu aliyedhulumiwa hutaka kisa chake kisikilizwe. Ila ombi lako halihitaji tena uuthibitishe.

Sheria unayoisikia inaitwa PACT. Rais Biden aliitia saini tarehe 10 Agosti 2022, na imebeba jina la Sajini Heath Robinson wa Ohio, aliyefariki 2020 kwa saratani ya mapafu. Zamani ulitakiwa uonyeshe vitu vitatu: ugonjwa ulionao leo, kilichokupata jeshini, na kamba inayounganisha hivyo viwili. Kamba ndiyo iliyokatikia mikononi mwako 2019. Sasa sheria yenyewe imeifunga. Aliyetumikia Iraq, Kuwait, Saudi Arabia au Somalia tangu 2 Agosti 1990, au Afghanistan, Syria au Djibouti tangu 11 Septemba 2001, Idara ya Maveterani, ile ya wanajeshi wa zamani, inakubali kwamba alivuta hewa chafu. Haiulizi hema lako lilielekea wapi. Na pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi imo kwenye orodha ya magonjwa, pamoja na sainasi sugu, bronkaitisi sugu na saratani nyingi.

Kwa hiyo kazi yako ni kuonyesha mawili tu: kwamba ulikuwa Iraq, na kwamba pumu unayo. La kwanza liangalie kwenye DD-214 yako, ile karatasi ya kuondokea jeshini. Kama nchi haikutajwa waziwazi (nimeziona nyingi za namna hiyo), tafuta amri ya safari au stakabadhi za mshahara zenye posho ya eneo la hatari.

Kwa kuwa pumu ilishakataliwa, usijaze ombi jipya. Jaza fomu 20-0995, ya ombi la nyongeza, na useme unaomba kwa sheria ya PACT. Kubadilika kwa sheria kunatosha kuufungua mlango. Je, na pua? Hukuitaja, lakini aliyepenga kamasi nyeusi mwaka mzima sidhani pua yake ilirudi nyumbani salama. Kama una sainasi au mafua yasiyoisha, hayo ni ombi jipya la fomu 21-526EZ. Kabla hujaanza kukimbizana na karatasi, tuma kwanza 21-0966, ile ya kutangaza nia. Inakushikia tarehe ya kuanzia malipo kwa mwaka mzima.

Malipo ya tangu 2019 usiyahesabu. Ila mwulize atakayekusaidia kuhusu kanuni ya Idara namba 3.114: sheria inapolegezwa na wewe ulikuwa umetimiza masharti tangu ilipoanza, malipo yanaweza kurudi nyuma hadi mwaka mmoja kabla ya siku uliyoomba. Wengi hawaigusii wasipoulizwa.

Baada ya hapo utaitwa kupimwa, na hapa ndipo sisi Waswahili tunapojiangusha. Mimi nilikuwa kwenye pampu za mafuta Kuwait, 2004. Nilipoitwa, mpimaji akaingia, akanitazama, akaniuliza hali. Nikamjibu kama mama alivyonilea: sijambo, nashukuru. Kwetu hilo si jibu la daktari, ni adabu. Mtu ana homa ya kutetemeka na bado atakwambia hajambo, ndipo aeleze yanayomsibu. Yule hakungoja sehemu ya pili. Ripoti ikarudi imeandikwa mgonjwa anasema yuko vizuri. Kuifuta sentensi hiyo kulinichukua rufaa nzima.

Basi ukiulizwa hali, mweleze siku yako mbaya ilivyo. Ngazi ngapi unapanda kabla ya kusimama kushika ukuta. Usiku unaamka mara ngapi. Siku ngapi mwaka huu hukwenda kazini. Usitie chumvi, na usimfichie mtu aibu, hata yako.

Halafu nenda famasi ukachukue orodha ya dawa zako zote tangu 2013. Jedwali la Idara, linalopima ulemavu na kuamua malipo, linampa asilimia 10 mwenye pumu anayevuta inhela mara mojamoja, na 30 anayevuta ya kutanua njia za hewa kila siku, au anayetumia ile ya kupunguza uvimbe. Inhela yako ya asubuhi na usiku, ikiwa imeandikwa na daktari, yenyewe ina uzito kuliko barua za wenzako kumi. Na kuanzia asilimia 30 mke na watoto huingizwa kwenye hesabu ya malipo. Hesabu yenyewe ni ya ajabu kidogo: 30 ukiongeza 10 ya sainasi hupati 40, unapata 37, halafu wanaikuza iwe 40. Usiniulize nani aliitunga.

Hiyo kampuni, waulize swali moja: mna idhini ya Idara ya Maveterani? Hakuna anayeruhusiwa kukutoza kwa kuandaa ombi la mwanzo. Wakili au wakala mwenye idhini anaweza kutoza baada ya uamuzi wa kwanza kutolewa, na kwa kawaida ni sehemu ya malimbikizo ya malipo yako, ambapo isiyozidi asilimia 20 huhesabiwa ya haki. Miezi mitano ya nyongeza yako sijaiona popote kwenye kanuni. Vyama vya maveterani kama American Legion, DAV na VFW wanafanya bure, na huko Minnesota kila kaunti ina ofisa wa maveterani. Anza kwake.

Ukikataliwa tena, una mwaka mmoja wa kupinga bila kupoteza tarehe yako. Bahasha usiiache juu ya friji.

*Dada Sajini, mume wangu alikuwa Kuwait 1991, akafariki 2018 kwa saratani ya ubongo. Niliomba malipo ya mjane nikanyimwa. Je, nimechelewa?*
— Mjane, Texas

Mama, hujachelewa. Saratani ya ubongo imo kwenye orodha ya PACT, na sheria haiwaachi nje wajane walionyimwa kabla yake. Omba tena. Kwanza tazama cheti cha kifo: saratani imetajwa kuwa chanzo, au wameandika tu kwamba moyo ulisimama? Kama ni hilo la pili, ongea na daktari aliyemtibu kabla ya kutuma chochote. Na kama uliolewa tena baada ya 5 Januari 2021 ukiwa umeshatimiza miaka 55, ndoa hiyo haikuzuii.