Makato ya mkopo wa 401(k) yamerukwa

Pole, dada. Ulikopa kwenye 401(k) yako huko Marekani, yaani akiba ya kustaafu inayopitia kwa mwajiri, kampuni ikabadili mfumo wa mishahara, na tangu Februari hukatwi marejesho ya mkopo. Mimi pia yalinikuta. Niligundua baada ya kuona mstari wa mkopo haupo kwenye slipu.

Mwandikie mwajiri leo, ambatanisha slipu zote. Mipango mingi ya 401(k) huruhusu kulipa marejesho yaliyorukwa hadi mwisho wa robo mwaka inayofuata ile yaliporukwa. Kwako ni Juni 30. Ikipita, deni lote lililobaki huhesabiwa mapato: kodi, na asilimia 10 juu yake kama hujafikisha miaka 59 na nusu. Hata hapo usikate tamaa. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inaruhusu mpango kusahihisha kwa malipo ya mkupuo au kupanga upya marejesho, mradi muda wa mkopo, kwa kawaida miaka 5, haujaisha. Ukitumiwa fomu 1099-R, inayoripoti pesa zilizotoka kwenye akiba ya kustaafu, mwone mtaalamu wa kodi kwanza.