Kumi na Wanne Walipita, Hakuna Aliyesema

SWALI: Mpendwa Mshauri, ninasimamia ghala la mahindi la chama cha ushirika karibu na Tororo. Mwezi wa Machi tulikubaliana mkutanini kwamba gunia lisilopimwa unyevu halitapokelewa, na kwamba yeyote atakayeona hitilafu ghalani atoe taarifa mara moja. Wote waliitikia, "Ndiyo, bosi." Wiki tatu baadaye bati la paa lilianza kuvuja, na magunia ya upande wa mashariki yakaota kuvu. Nilipouliza, nikagundua kwamba watu 14, wakiwemo karani wa mizani, mlinzi na wachukuzi, walikuwa wakipita pale kila siku na kuyaona maji. Kulikuwa hata na ndoo iliyotegwa chini ya tundu, na mchukuzi mmoja alikiri kwamba aliisogeza kwa mguu ili apate njia. Je, watu wasiojali namna hii niwafukuze?
Msimamizi, Tororo

JIBU: Ndugu Msimamizi, usimfukuze mtu bado. Ndoo hiyo haikujiweka pale. Kuna mtu aliyeyaona maji, akajali kiasi cha kutafuta ndoo na kuitega, kisha akaendelea na kazi yake. Na kila aliyekuja baadaye, alipoiona, alidhani kwamba habari imekwisha kukufikia. Huenda pasingekuwa na ndoo ungeambiwa mapema zaidi.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walichapisha mwaka 1968 matokeo ya jaribio linalofanana sana na ghala lako. Waliwaketisha watu chumbani wajaze fomu, kisha wakapenyeza moshi kupitia tundu la ukutani. Miongoni mwa walioketi peke yao, asilimia 75 walitoka kwenda kusema. Lakini mtu alipoketi na wenzake wawili waliopangwa wajifanye hawaoni kitu, ni asilimia 10 tu waliotoka. Waliobaki walikohoa, wakafikicha macho, wakaendelea kuandika. Moshi waliuona, ila kila mmoja aliusoma usalama wake katika uso wa jirani.

Sasa litazame upya agizo lako. "Yeyote atakayeona" ni maneno mazuri mkutanini, lakini mbele ya watu 14 huyo "yeyote" huwa ni mtu mwingine daima. Wazee wa Buganda walipoitana kwa ngoma kwenda kwenye bulungi bwansi, yaani kazi ya pamoja ya kijiji ya kulima barabara na kusafisha visima, mwito ulikuwa wa wote. Hata hivyo kijijini watu walijuana kwa majina, na asiyefika alijulikana. Ghalani kwako hakuna ajulikanaye kuwa hakufika. Gawa ghala kwa safu, kila safu uikabidhi kwa mtu mmoja kwa jina lake, mbele ya wenzake, pamoja na wa kumshikia zamu anapokosekana. Jioni karani amwulize, "Leo umeona nini kwenye safu yako?" na jibu liandikwe daftarini. Asiulize kama kuna tatizo, kwa sababu swali hilo huzaa "hakuna" kabla halijamalizika kuulizwa.

Hata hivyo, upo ukimya wa aina nyingine ambao daftari haliuponyi. Nilipokuwa karani kijana katika ghala moja, niliripoti kwamba panya wanatoboa magunia. Nilipewa kazi ya kuwatega wiki nzima baada ya saa za kazi, bila nyongeza ya shilingi. Tangu siku hiyo sikuona panya hata mmoja. Kwa hiyo, kabla ya kuwalaumu watu wako, jiulize ni nani aliyekuletea habari mbaya mara ya mwisho, na yalimpata nini. Uganda ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa ya mwaka 2010, lakini hiyo inahusu mambo mazito kama uhalifu na rushwa. Mchukuzi aliyeona bati linavuja ana kinga moja tu, nayo ni namna utakavyompokea. Mshukuru hadharani, na ukarabati mpe mtu mwingine.

Kuhusu kupima unyevu, wiki ya kwanza kaa mwenyewe langoni na kipimo mkononi. Kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5 isizidi, na wakulima wanakijua, ingawa wanajua pia ni nani huruhusiwa kukivuka. Siku gunia la mwenyekiti wa chama litakaposoma 15, litoe mlangoni likaanikwe kama la mtu mwingine yeyote; wachukuzi watakuwa wameacha kubeba ili watazame.

Magunia yenye kuvu yatenge leo hii. Usiyachanganye na mazima, wala usidhani kwamba jua litayasafisha, kwa kuwa sumukuvu ikishaingia kwenye punje haiondoki kwa kuanikwa.