Maswali ya Wasomaji: Mpangaji anadaiwa kodi, na ofisi nayo inadaiwa nini?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mpangaji katika nyumba ya taasisi moja ya umma hapa Mbeya mjini, na kodi yangu naipeleka kila mwezi bila kukumbushwa. Hivi karibuni alikuja dalali na vijana wake, wakafunga kwa kufuli milango ya majirani zangu wawili siku moja. Wa kwanza ni mama fundi cherehani aliyeugua na kulazwa, akashindwa kulipa kodi ya Sh80,000 kwa mwezi hadi deni likafika Sh640,000. Vyombo vyake, pamoja na cherehani yenyewe, vilishinda nje vikinyeshewa. Wa pili haishi hapa kabisa. Vyumba amewapangisha watu wengine kwa bei ya juu, anapokea fedha zao, na ofisini hapeleki kitu. Sisemi wadaiwa waachwe, maana paa letu linavuja na kila tukiuliza tunajibiwa kwamba fedha za matengenezo hazipo. Lakini je, ni haki watu hawa wawili kutendewa sawasawa? Mamlaka zinapaswa kufanya nini? — Msomaji, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, si haki, na hata kwa hesabu za biashara haina faida. Mimi ningeanza kwa kuiuliza ofisi yenyewe: ilikuwa wapi mwezi wa pili? Wakati ule mama huyo alikuwa anadaiwa Sh160,000. Afisa angebisha hodi, akasikia habari za hospitali, wakaandikiana kwamba akianza tena kazi ataongeza Sh40,000 juu ya kodi ya kila mwezi, deni lingekwisha kwa miezi minne. Kwa mpango huo huo, deni la Sh640,000 linahitaji miezi kumi na sita. Hiyo miezi kumi na miwili ya ziada haikuletwa na ugonjwa peke yake. Imeletwa pia na ukimya wa ofisi, ambao baadaye ulivunjwa na kufuli. Halafu cherehani iliyolowa mvua ndiyo ingelipa deni lenyewe.

Watumishi wengi wa taasisi hizi, nikiri kwa niaba yao, wana majalada mengi kuliko siku za kazi, na ni rahisi kumwita dalali mara moja kwa mwaka kuliko kupita mlango kwa mlango kila mwezi. Hata hivyo, malipo ya umma siku hizi yanapita kwenye namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo wa kompyuta, kwa hiyo aliyekosa kulipa anaweza kujulikana wiki ile ile. Kinachokosekana ni mtu wa kuzitumia taarifa hizo mapema.

Jirani yako wa pili ana fedha, tena za kodi hasa, ila anaziweka mfukoni. Ofisi haina sababu ya kujadiliana naye kuhusu awamu za malipo. Impe notisi ya maandishi, isitishe mkataba kwa kuwa ameuvunja kwa kupangisha bila ruhusa, na imdai malimbikizo yote, ikibidi kwa kufungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mabaraza haya yanafanya kazi chini ya sheria ya mahakama za migogoro ya ardhi ya 2002, na asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Mbeya na Iringa. Wale wanaoishi ndani wamelipa, ingawa wamemlipa asiyestahili. Ningependa kuona ofisi ikiwakagua na, wakikubalika, ikiwapa mikataba ya moja kwa moja badala ya kuwatupa barabarani pamoja na kosa la mtu mwingine. Tena ofisi ijiulize kwa nini hakuna aliyekagua nyumba hiyo kwa muda wote huo.

Ugumu mwingine unatokana na historia. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962 ili kuwapatia wananchi makazi bora. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo mengi ya kupangisha na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 taasisi hizo mbili ziliunganishwa. Kwa miaka mingi wapangaji walilindwa na sheria za kudhibiti kodi, ya mwisho ikiwa ya 1984, hadi ilipofutwa mwaka 2005 na shirika likatakiwa kujiendesha kibiashara. Wapangaji wengi bado wanaziita nyumba hizi za serikali, kwa maana kwamba kodi inaweza kungoja. Mwenye nyumba anaziona kuwa biashara, kwa maana kwamba asiyelipa atoke. Hakuna aliyekaa na wapangaji akawaeleza nani hasa anastahili kuvumiliwa, kwa muda gani, na kwa ushahidi upi. Kanuni hiyo ingeandikwa na kubandikwa ofisini, mama fundi angejua aanzie wapi, na yule wa pili angejua kwamba hana pa kujificha.

Wenzetu wameandika kanuni za namna hii. Nchini Uingereza, taasisi ya nyumba za jamii inatakiwa kuwasiliana na mpangaji mapema na kujaribu kukubaliana naye kiasi anachokimudu kabla ya kwenda mahakamani. Nchini Ufaransa, kwa kawaida wapangaji hawatolewi kwa nguvu kati ya Novemba 1 na Machi 31 kwa sababu ya baridi, ingawa deni linabaki pale pale. (Aliyelala Uyole mwezi Julai ataelewa.) Sisi tunaweza kutunga zetu kwa kuangalia jinsi watu wa nyanda hizi wanavyopata fedha. Mfanyabiashara wa viazi vya Umalila au wa mpunga wa Usangu hapati kipato sawa kila mwezi. Mkataba unaomruhusu kulipa kiasi kikubwa baada ya mavuno ungezuia malimbikizo mengi. Kwa mtumishi wa umma aliyepangishwa nyumba ya serikali jambo ni jepesi zaidi: kodi ikatwe kwenye mshahara.

Kuhusu paa, unayo haki ya kulalamika. Ofisi inayodai kodi iwaonyeshe wapangaji ni kiasi gani kilikusanywa katika jengo lao na ni kiasi gani kimerudi kama mabati na rangi. Lakini usizuie kodi yako kama njia ya kushinikiza, kwa sababu katika daftari utaonekana mdaiwa kama wengine.

SWALI: Hapa Iringa majina ya wapangaji wanaodaiwa yamebandikwa ukutani na kiasi cha deni kando. Langu limo, ingawa nililipa nusu. Je, inaruhusiwa? — Msomaji, Iringa

JIBU: Tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotaka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi lile halali ambalo zilikusanywa kwa ajili ya kulitimiza. Kudai kodi ni kusudi halali. Sioni jinsi ukuta wa barabarani unavyosaidia kulitimiza kuliko barua iliyofungwa. Peleka stakabadhi ya nusu uliyolipa pamoja na barua ya kuomba deni lirekebishwe na jina liondolewe, taja humo tarehe utakayomalizia nusu iliyobaki, na uhakikishe nakala yako inagongwa mhuri wa kupokelewa kabla hujaondoka pale mapokezi.