Bunduki zikipigwa marufuku, nani atasalimisha yake?

Tangu niandike kwamba naunga mkono kupunguza bunduki mikononi mwa raia, nimeletewa barua nyingi, na nyingi zinanipinga. Nimechagua tano. Ya mwisho haikuja kubishana, nami naomba isomwe kwa utulivu.

Jambazi haombi leseni. Mkipiga marufuku, si mtatunyang'anya sisi tunaotii sheria na kumwachia yeye?

Ni kweli, jambazi hatapanga foleni kusalimisha silaha. Lakini aliipata wapi? Bastola haioti shambani. Sehemu kubwa ya silaha za wahalifu zilitoka kiwandani kihalali, zikauzwa kihalali, kisha huko njiani zikaibwa, zikauzwa kwa mlango wa nyuma, au zikanunuliwa na mtu mwenye rekodi safi kwa niaba ya mwingine. Zile za halali zikipungua, na yeye anapungukiwa.

Hapungukiwi kwa siku moja, hilo nakubali. Machi 1996 mtu mmoja aliingia shule ya msingi ya Dunblane, Scotland, akaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata Uingereza ikapiga marufuku bastola, na wenye leseni wakasalimisha zaidi ya 160,000. Hata hivyo uhalifu wa bastola uliendelea kupanda kwa miaka kadhaa kabla ya kushuka. Wanaonipinga hulitaja hilo, na wana haki ya kulitaja.

Tena sheria ya nchi moja inategemea mipaka yake. Meksiko ina sheria kali, na raia hununua silaha kihalali katika maduka machache mno yaliyo chini ya jeshi. Lakini magenge ya dawa za kulevya yana bunduki za kivita, nyingi zikiwa zimevushwa kutoka Marekani. Meksiko inakumba maji mtumbwini huku mwenzake akitoboa upande wa pili.

Australia wanaisifia kila siku. Ilifaulu kweli?

Kwa kiasi kikubwa, naamini hivyo. Aprili 1996 mtu mmoja aliua watu 35 huko Port Arthur, Tasmania. Siku 12 baadaye serikali kuu na majimbo yote walikuwa wamekubaliana kukaza sheria za bunduki. Waziri mkuu John Howard alikuwa mhafidhina, na wamiliki wengi wa bunduki walikuwa wapiga kura wa upande wake. Alipokwenda kuhutubia mkutano wao alivaa fulana ya kuzuia risasi chini ya koti, nayo ilionekana wazi imetuna. Hakurudi nyuma. Bunduki zinazojipakia risasi zenyewe zikakatazwa, serikali ikanunua takriban 650,000 na kuziharibu, na kila aliyetaka kubaki na silaha akatakiwa aeleze anaihitaji kwa kazi gani. Kujilinda hakukukubaliwa kuwa sababu.

Vifo vya bunduki vilikuwa vikipungua hata kabla ya sheria, kwa hiyo wataalamu wanabishana ni kiasi gani cha mafanikio kiandikwe kwa jina la sheria hiyo. Na mauaji ya ufukwe wa Bondi, Sydney, Desemba 2025, yaliyofanywa kwa bunduki za leseni, yaliwaumiza wote waliodhani kazi imekwisha. Leseni ikishatolewa lazima iendelee kuchunguzwa.

Mwenye nia ya kuua atatumia hata kisu. Kwa nini mnaonea bunduki?

Tarehe 14 Desemba 2012, katika kijiji cha Chenpeng nchini China, mwanamume mwenye kisu alivamia shule na kujeruhi watoto zaidi ya 20. Wote wakapona. Siku hiyohiyo, huko Newtown, Marekani, kijana mwenye bunduki aliingia shule ya Sandy Hook. Watoto 20 na watu wazima sita wakafa. Nia zilifanana. Mwenye kisu sharti akufikie, na ukikimbia anabaki nyuma, na watu wawili wenye kiti wanaweza kumzuia.

Ndiyo, wapo wanaoua kwa njia nyingine. Nice, Ufaransa, Julai 2016, lori liliua watu 86. Ndiyo maana sasa mikusanyiko mingi huwekewa vizuizi vya zege barabarani. Hatukusema kwamba maadamu lori linaua, tuache kila kitu.

Uswisi bunduki zimejaa majumbani na hakuna vita mitaani. Na Marekani je, mtaweza?

Waswisi wengi walipata silaha kupitia jeshi, wakiwa wamefunzwa na kuandikishwa. Kuibeba hadharani kunahitaji kibali ambacho ni wachache wanaokipata. Kwa Marekani, marufuku kamili siioni: bunduki za raia zimezidi idadi ya watu, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ilisema Katiba inamlinda mtu anayeweka bastola nyumbani ajilinde. Huko nguvu ielekezwe kwenye ukaguzi wa wanunuzi na utunzaji wa silaha.

Mume wangu ana bastola ya leseni. Tangu apoteze kazi, hapati usingizi usiku, haongei, na juzi alisema tungeishi vizuri zaidi bila yeye. Naogopa kumuudhi nikitaja bastola.

Dada yangu, itaje leo. Mwulize wazi: unafikiria kujiua? Swali hilo halimpandikizii wazo. Mara nyingi humtua mzigo. Kisha bastola itoke nyumbani kwa muda. Mtafute mtu anayemheshimu, kaka yake au rafiki wa siku nyingi, wazungumze na waipeleke pamoja polisi au kwa muuzaji mwenye leseni anayehifadhi silaha. Akikataa, risasi zitenganishwe na bastola, kila kimoja kifungiwe mahali pake, funguo akae nazo mtu wa nje. Akiishika na kutishia, ondoka na watoto, piga simu ya dharura. Na umsindikize kwa daktari.

Nakuhimiza kwa sababu saa za giza hupita, na aliyevushwa salama mara nyingi huishi. Jeshi la Israeli mwaka 2006 lilipunguza desturi ya askari kwenda na bunduki nyumbani wikiendi. Askari waliojiua walipungua kwa takriban asilimia 40, na siku za katikati ya wiki hawakuongezeka. Marekani nako, zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki hujiua wenyewe. Tunabishana kuhusu majambazi, huku wengi wanakufa kama anavyoweza kufa mumeo, kwa silaha halali iliyo kwenye droo.

Niandikie tena, hata mstari mmoja, unijulishe kama imeshatoka.