Usiandike Nambari Yako

Mzee alipoulizwa nambari ya simu, alinitazama mimi. Tulikuwa tumeketi kwenye benchi nje ya ofisi ya ustawi, katika gereza moja hapa Pwani ya Kenya, na kijana wa benki ana tableti yake mapajani. Mzee aliingia ndani mwaka 2003. M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, ilianza 2007. Yaani kitu ambacho sisi wengine tunalipia hata nyanya za mia, yeye alikijua kwa kusimuliwa na waliofungwa baada yake.

"Mwanangu, andika yako," akasema.

Nikaandika yangu. Katika miaka yangu ya kujitolea kuwasaidia wafungwa kufungua akaunti, sijafanya kosa lililonisumbua kama hilo.

Mzee huyo alikuwa amehukumiwa kunyongwa. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia hukumu ya kifo zaidi ya wafungwa 4,000 ikawa kifungo cha maisha, naye akiwemo. Kisha Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikaamua, katika kesi ya Muruatetu, kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kunakiuka Katiba, na faili za watu wengi zikarudi kortini. Mtu wa namna hiyo hana tarehe ya kutoka. Anaondoka asubuhi na gari la gereza kwenda kortini, na saa nane mchana anaambiwa nenda nyumbani. Mwenye kifungo cha miaka kadhaa ni afadhali: akiwa na nidhamu anapunguziwa theluthi moja, na siku yake inajulikana mapema. Kwa hiyo ukiniuliza uanze lini kumtayarishia mfungwa akaunti, nitakwambia miezi sita kabla kwa mwenye tarehe, na kwa anayesubiri korti, anza leo.

Anza na kitambulisho, si benki. Watu wengi wanaojitolea hukimbilia benki kwa sababu benki inapendeza, kuna picha na fulana. Lakini bila kitambulisho hakuna laini ya simu, hakuna PIN ya KRA (nambari ya mlipakodi), hakuna akaunti. Muombe afande wa stoo atazame kama kimo kwenye mali aliyoingia nayo. Mara nyingi hakimo. Kilibaki kituo cha polisi siku aliyokamatwa, au kimo kwenye faili ya korti, au mke alikichukua. Kikiwa kimepotea, itabidi abstrakti, yaani karatasi ya polisi ya kuthibitisha kimepotea, na ombi jipya, na maafisa wa usajili waje kumchukua alama za vidole kwa ruhusa ya mkuu wa gereza. Hapo ndipo miezi inapokwenda.

Tena soma jina herufi kwa herufi. Huku kwetu korti huandika Hamisi na kitambulisho kinasema Khamis, Mwanaisha huku na Mwana Aisha kule. Barua ya gereza ikifuata jina la korti, karani wa benki atairudisha, na atakuwa na haki.

PIN ya KRA nayo ina vituko vyake. Kuipata kunahitaji barua pepe, na wengi walifunguliwa barua pepe hiyo na kijana wa saiba, duka la intaneti, ambaye nambari ya siri aliondoka nayo. Mwenye PIN ya zamani ana shida nyingine: sheria inamtaka awasilishe ritani ya kodi kila mwaka kabla ya Juni kwisha, hata kama hakuingiza senti, na faini ya kutofanya hivyo ni shilingi 2,000 kwa mwaka. Hesabu miaka minane. Mjulishe mapema, akiwa bado ndani, asije akagundua mbele ya watu kwenye foleni.

Uliza pia kama alikuwa na pesa mahali kabla ya kufungwa. Pesa iliyolala kwenye simu miaka 2, au benki miaka 5, kisheria hupelekwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, UFAA. Haijapotea. Ni yake, na kudai hakulipishwi. Upande wa pili kuna madeni: kama laini yake ya zamani bado ipo na ina deni la Fuliza, mkopo wa M-Pesa, shilingi ya kwanza atakayotumiwa italipa deni kwanza. Laini yenyewe mara nyingi haipo. Kuna mmoja nambari yake tuliipigia, akapokea msichana wa Eldoret.

Sasa nirudi kwa mzee. Alitoka 2019. Mpwa wake alimtumia shilingi 15,000 za kuanzia maisha, zikaingia kwenye akaunti ile, na ujumbe ukaja kwangu nikiwa Voi, kwenye mazishi. Mzee yuko kwa wakala wa benki, kila anapojaribu kutoa pesa msimbo unakuja kwenye simu yangu, iliyo kimya mkobani. Alikaa pale tangu saa tatu hadi alasiri. Nilipopiga, alinijibu kwa upole, lakini mpwa alichukua simu na kuniuliza, "Kwani wewe ni nani kwake hata pesa zipitie kwako?" Sikuwa na jibu. Sikuwa nimeiba, lakini kwa mpangilio nilioufanya, ningeweza kuiba wakati wowote, na mzee asingejua.

Simu gerezani ni marufuku, hilo halina mjadala. Basi siku hizi nafanya hivi. Mwezi wa mwisho, kwa ruhusa ya mkuu wa gereza, wakala anakuja kumsajili laini yeye mwenyewe, na laini inaingia kwenye bahasha, anaweka sahihi juu yake, inakaa stoo pamoja na nguo zake. Mapema kuliko hapo itafungwa kwa kutotumika. Ikishindikana, naomba akaunti ifunguliwe bila huduma za simu, kadi aichukue mwenyewe tawini akishatoka. Na tawi liwe la kule anakokwenda kuishi, si la jirani na gereza. Mtu wa Taveta hatarudi Mombasa kutafuta kadi. Anuani vilevile: sanduku la posta la gereza lisiandikwe popote. Msikiti, kanisa au shule ya kijijini itamkopesha lao.

Nambari ya mke, kaka, mtoto? Hapana. Hata wakiwa wema.

Tulimbadilishia mzee nambari juma lililofuata, kwa laini yake mwenyewe. Nilimsindikiza hadi kwa wakala kutoa elfu moja ya majaribio. Ilipofika kubonyeza nambari ya siri, alivua kofia, akaifunika mashine, akanipa mgongo.