Re: Kuelea hewani bila kwenda anga za juu, inawezekana?

Mkuu umeuliza kama mtu wa kawaida anaweza kuelea kama wanaanga bila kupanda roketi, inawezekana kabisa. Kuna ndege inapanda pua juu kama nyuzi 45 hivi, halafu rubani anapunguza nguvu ya injini, ndege inachora upinde kama jiwe ulilorusha, sasa hapo wewe na ndege mnaanguka pamoja kwa spidi moja ndo maana unaelea, sio kwamba graviti imeisha, hata kule kituo cha anga kilomita 400 juu graviti bado ipo karibu asilimia 90 ya hii yetu. Ila raha yenyewe ni sekunde 20 na kitu tu kila upinde, kabla na baada yake uzito unakaribia mara mbili, na wengi tumbo linawavuruga (ndege ya NASA, shirika la anga la Marekani, ilibatizwa nyota-mkia ya matapishi 😂). Stephen Hawking, yule mwanafizikia Mwingereza aliyepooza, alipanda 2007 akiwa na miaka 65, akaachana na kiti chake cha magurudumu akaelea. Bwawani nako wanaanga wanafanya mazoezi, lakini mle viungo vya ndani bado vinasikia uzito, mi sihesabu kama kuelea.